Picha Iliyonyooka

Sindano zilikuwa mbili. Fundi alifumba macho, akayafumbua, na bado zilikuwa mbili: moja imesimama mahali pake, nyingine juu yake kidogo, imelala upande. Akachagua moja, akakanyaga pedali, na sindano ikazama kwenye ukucha wa kidole chake.

"Umeniua, wifi," alisema, akinyonya damu. "Umeniua na umeniacha hai."

Chumbani hakukuwa na wa kumsikia ila gauni la harusi lililoning'inia ukutani. Lilikuwa gauni la huyo huyo wifi yake, dada wa mumewe, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja. Jana jioni alikuja kulijaribu mbele ya kioo, na shangazi wa bwana harusi akakaa kwenye benchi kutazama. Ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo fundi wa nguo hafanyi. Vipimo vya mteja ni siri, hata mama yake mzazi haambiwi. Lakini Fundi, mdomo ukiwa umejaa pini, alisema bila kufikiri, "Kiuno nimekilegeza tena. Kikizidi hapo kitambaa hakitoshi." Shangazi alinyamaza, ule unyamavu wa mtu anayehesabu miezi.

Shangazi alipoaga, mlango haujafungika vizuri, Wifi alimgeukia Fundi.

"Unataka waseme nina mimba?"

"Mimi nimesema kiuno, sijasema tumbo. Kula kwako ndiko kunanipa kazi."

Wifi akamsukuma kwa mikono yote miwili. Kisogo cha Fundi kikagonga kona ya kabati la vitambaa. Alikaa sakafuni kitambo, pini zimetawanyika kila mahali, na Wifi akamruka yeye na pini zake kwa uangalifu asije akajichoma, akaenda zake kuoga.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo watakavyosema wanaopenda amani. Na ni kweli, mdomo wa Fundi uliteleza. Lakini mdomo hujibiwa kwa mdomo, na Wifi hakukosa mdomo.

Mume wa Fundi alikuwa mtu wa kupaka nyumba rangi, mtu mpole, na wapole wana hatari yao. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea huyo mdogo wake, akambeba mgongoni, akamsuka nywele vibaya vibaya hadi majirani wakamhurumia. Kumkemea hakuwahi kujifunza. Asubuhi hiyo alimpeleka mkewe hospitali, na njia nzima hakusema neno ila "Pole" kila walipofika kwenye mtaro, maana Fundi aliona mitaro miwili na hakujua auruke upi.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mikono mikavu.

"Umeumiaje?"

Fundi alifungua mdomo. Mumewe akawahi.

"Alianguka bafuni, daktari. Sabuni."

Daktari akaandika. Fundi alimtazama mumewe, naye alikuwa akitazama rangi ya ukuta kana kwamba anapanga kuipaka upya. Kusukumwa kulimuuma kisogo tu. Hiyo sabuni ndiyo iliyomuuma moyo, na moyo wa Fundi haukuwa wa kupakwa dawa ukapoa.

"Fuata kalamu yangu," alisema daktari. "Usigeuze kichwa. Macho tu."

Kalamu ilikwenda kulia, ikaenda kushoto, ikapanda. Ilipoteremka kuelekea puani, jicho la kulia likabaki nyuma, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hakusikia. Daktari akakishika kichwa cha Fundi, akakilaza kwenye bega la kulia.

"Sasa?"

"Kalamu mbili. Zimeachana zaidi."

Akakilaza upande wa kushoto.

"Sasa?"

"Moja! Daktari, ni moja!"

Daktari akarudi kitini. "Jicho lenyewe ni zima. Tatizo liko kwenye msuli unaolivuta. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha, na misuli hiyo inapokea amri kutoka kwenye ubongo kwa mishipa mitatu ya fahamu. Huu wako unalivuta jicho lishuke, lakini haulivuti moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kapi dogo, hapa kwenye kona ya juu, karibu na pua, halafu unageuka."

"Kama uzi wa cherehani," alisema Fundi. "Lazima upite kwenye kile kidude cha juu kabla haujashuka kwenye sindano."

"Hivyo hivyo. Mshipa wake wa fahamu ni mwembamba kuliko yote ya macho, na njia yake ni ndefu. Kichwa kikigongwa, mara nyingi huo ndio huumia. Unakusumbua ukitazama chini, siyo? Ngazi? Kazi ya mikono?"

"Daktari, kazi yangu yote iko chini."

Alipewa bandeji ya kuziba jicho moja na akaambiwa arudi baadaye apimwe tena. Mlangoni daktari alimwambia mumewe, "Na huko bafuni tandikeni kitu." Mumewe akasema ahsante.

*

Mke na mume hawakusemezana hadi jioni. Wifi alipokuja kula, Fundi aliweka kijiko chini.

"Sitaki kitu kikubwa. Nataka useme. Mwite huyo shangazi wa mchumba wako, ukae hapo, useme, 'Nilimsukuma wifi yangu akaumia jicho.' Maneno hayo tu. Gauni lako nitalimalizia hata kwa kupapasa."

"Niseme hivyo kwa wakwe zangu, kabla ya harusi?" Wifi alicheka. "Kaka, unamsikia mkeo?"

"Harusi ikipita," alisema kaka yake, "tutakaa tulizungumze."

"Harusi ikipita atakuwa kwa watu. Tutazungumza na nani, na kabati?"

"Isitoshe," alisema Wifi, "hiyo shingo unayoilaza si kazi yangu. Imekaa upande tangu siku unaolewa. Hata watu walisema, huyu bibi harusi amekuja kwetu shingo upande."

Akacheka tena. Mumewe naye akacheka, kidogo, kwa pua, kicheko cha mtu anayetaka chakula kiishe salama. Fundi alikiona kicheko hicho kwa jicho moja, na jicho moja lilitosha.

*

Anayedhani kuona kwa jicho moja ni nusu ya kuona kwa mawili, na ajaribu kumimina chai. Fundi alimimina pembeni ya kikombe. Alikosa kitasa cha mlango. Uzi aliupeleka kwenye tundu la sindano, ukapita nyuma yake, akauleta mbele, ukapita mbele yake, hadi akili ikamruka akautupa. Akitoa bandeji, kila kitu kinakuwa viwili. Akitaka kimoja, hana budi kulaza kichwa kwenye bega la kushoto, na akishona hivyo hadi mchana shingo inakuwa ubao.

Wateja hawakusoma udaktari. Mmoja alileta suruali ya mumewe ipunguzwe, na mumewe mwenyewe akaja, amesimama mbele ya Fundi apimwe pindo. Fundi aliinama, akalaza kichwa ili aone mguu mmoja badala ya miwili.

"Fundi," alisema yule mke, "nyoosha shingo. Mume wangu ana mke."

Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Fundi alinyoosha shingo, suruali ikawa na miguu minne, akakata pindo pasipostahili. Yule mwanamke aliibeba suruali yake akavuka nayo barabara, kwa fundi wa upande wa pili, ambaye hakuwahi kujua kutia zipu ikanyooka. Wengine wakamfuata. Benchi likabaki na paka.

Hayo yote Fundi aliyameza. Ila siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta ukuta mtupu.

"Gauni liko wapi?"

"Nimelipeleka ng'ambo ya barabara likamaliziwe," Wifi alisema, akipaka kucha rangi. "Usinune, wifi. Siwezi kuingia ukumbini na mshono uliopinda. Watu wataangalia."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Gauni lile Fundi alilikata kabla jicho halijaharibika, kila kipande kwa mkono wake, na sasa lingevaliwa kwa jina la mtu wa zipu zilizopinda. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa akina bwana harusi, akiuliza njia kila kona, maana vibao vya mitaa asingeviamini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umefungwa jicho?"

Fundi alimwambia. Hakuongeza chumvi, hakupunguza. Shangazi alisikiliza akimenya njegere, na maneno yalipokwisha aliliweka bakuli kando.

"Kwetu tuna mkwe mmoja mwenye mkono mwepesi, na anatutosha. Kaka yake huyu bwana harusi siku hizi anakuja kulala hapa na shavu limevimba. Siwezi kuleta wa pili." Akafuta mikono. "Lakini siwezi kuvunja harusi kwa neno la wifi mtu. Mawifi mna yenu. Huyo daktari wako nitamsikia mwenyewe."

*

Alimsikia. Daktari alirudia kalamu yake, akavalisha jicho vioo vya kila namna, akawa anakunja uso.

"Kuna kitu kinanichanganya," alisema. "Jicho kama hili huwa la namna mbili. Kuna lililoumia. Na kuna ambalo mshipa wake ni dhaifu tangu kuzaliwa, lakini ubongo unajifunza kulirekebisha, mtu anaishi miaka na miaka anaona sawasawa, hadi siku moja ubongo unachoka. Wakati mwingine bila sababu yoyote. Dalili yake ni kwamba mtu huyo amelaza kichwa tangu utotoni bila kujijua. Niletee picha zako za zamani. Picha zitatuambia."

"Vizuri," alisema Shangazi. "Picha hazina wifi. Siku ya kuzileta nitakuja, na huyo binti naye aje, na kaka yake. Daktari akisema ni la kuumia, sisi hatuoi. Akisema ni la kuzaliwa, harusi iko palepale, na wewe, mwanangu, utaomba radhi."

Fundi aliondoka pale anaona mbali. Alikwenda kwa mama yake akiwa na hakika kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake.

Mama yake aliitoa mikoba ya picha chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, wakakaa wawili mkekani. Ya kwanza ilikuwa ya darasa la kwanza: watoto kwenye mistari, na mmoja kati yao kichwa amekilaza bega la kushoto. Ya pili, ubatizo wa binamu: kichwa kushoto. Akiwa na mbuzi, kichwa kushoto. Akiwa na cheti cha ushonaji, amekishika cheti sawasawa na kichwa kimepinda. Fundi alizitoa moja baada ya moja.

"Mama, mbona niko hivi?"

"Ulikuwa hivyo tangu unanyonya. Bibi yako alikuwa akikukanda shingo kwa mafuta ya vuguvugu. Ukanyooka kidogo, tukashukuru." Mama alicheka. "Kwani hujawahi kujiona?"

Hakuwahi. Nani anajiona shingo yake?

Alikaa mkekani, na mambo yakampita kichwani kwa zamu. Jicho halikuharibiwa na Wifi, au pengine aliligusa tu likiwa tayari limechoka. Angeziweka picha zote kwenye mfuko, azimwage mezani kwa daktari, aombe radhi mbele ya Shangazi, na Wifi aolewe katika gauni lake akicheka. Mtu mwema angefanya hivyo. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechekwa. Alijiuliza swali moja tu, akalirudia: alinisukuma, hakunisukuma? Alinisukuma. Aliniruka, hakuniruka? Aliniruka kama beseni.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Chini kabisa ya mkoba wa mwisho palikuwa na picha ndogo ya kitambulisho. Aliikumbuka siku hiyo. Mpiga picha alitoka nyuma ya kamera, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamnyoosha, akarudi mbio kabla kichwa hakijaanguka tena. Mle ndani Fundi alikuwa amesimika kichwa kama mlingoti.

"Hiyo tu?" aliuliza mama yake.

"Hapa nimetoka vizuri," alisema Fundi.

*

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo kwa watu watano. Shangazi alichukua kiti cha pekee. Wifi alisimama nyuma ya kaka yake, amevaa kitenge kipya na uso wa mtu aliyeitwa kupoteza muda wake. Fundi aliweka picha mezani.

"Moja?" aliuliza daktari.

"Kwa mama panavuja. Nyingine zimeoza."

Daktari aliisogeza picha kwenye taa. Akaitazama kwa muda, kisha akamtazama Fundi.

"Nataka unielewe vizuri, maana hapa si suala la nani kamfanya nini nani. Kama ni la kuzaliwa, kungoja hakuna faida. Ningekufanyia upasuaji mwezi huu huu, nilegeze msuli mmoja kidogo, na ungerudi kwenye cherehani yako. Kama ni la kuumia, siwezi kuligusa. Mshipa unaweza kupona wenyewe, na nikiwa nimeshakata, jicho litapinda upande mwingine. Itabidi tungoje nusu mwaka, hata zaidi, ukiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulipokuwa mtoto, ulikuwa ukilaza kichwa?"

Fundi alifikiria benchi lenye paka. Alifikiria mwezi huu huu. Kisha aligeuza uso akamwona Wifi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliona kwamba Wifi anaogopa; midomo imekauka, anaminya ncha ya kitenge.

"Hapana," alisema Fundi. "Sikuwahi."

"Daktari." Mumewe alipiga hatua. "Daktari, samahani. Picha ya harusi yetu iko ukutani nyumbani. Mke wangu kichwa amekilaza. Naiona kila siku."

"Amekilaza upande gani?" aliuliza Shangazi.

"Wa kwangu. Kushoto."

"Hee! Na bibi harusi gani asiyemwegemea bwana harusi? Alitaka amwegemee mpishi?"

"Si hivyo, shangazi. Hata siku za kawaida yuko hivyo. Naapa."

Daktari alifungua faili, akatafuta ukurasa kwa kidole. "Wewe ndiye uliyeniambia alianguka bafuni?"

Mumewe alimtazama mdogo wake, halafu mkewe, halafu ukuta, lakini ukuta haukuwa na msaada.

"Sikusema kweli siku ile. Alisukumwa. Lakini hili la shingo ni kweli."

"Kwa hiyo ulinidanganya siku ile, na leo ndiyo unasema kweli? Au siku ile ulimficha dada yako, na leo unamficha tena?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mumewe ilikuwa imeishia mezani kwa daktari. Fundi alimwona akifungua mikono na kuifunga, mtu aliyekuwa na ukweli mtupu mkononi na hapati wa kuupokea, na ndani yake Fundi akasikia raha tamu, ya moto, ambayo hakuionea haya.

"Wifi," alisema Wifi kwa sauti ndogo. "Wifi, waambie basi. Nilikusukuma, ni kweli. Nimesema. Si ulitaka niseme? Nilimsukuma, shangazi, nilikuwa na hasira. Lakini shingo yake..."

"Nimesikia," alisema Shangazi. Alisimama, akajifunga mtandio. "Umesema mwenyewe, sikukushika ulimi. Pete utamrudishia kijana wetu kabla ya kesho. Mkono huo, mwanangu, kauzoeshe kwa watu wengine."

Daktari hakuonekana kuridhika, lakini aliandika. "Basi tutachukulia ni la kuumia. Utaziba jicho, na utarudi baada ya nusu mwaka."

"Ahsante, daktari," alisema Fundi.

Huko nje, kwenye veranda, Shangazi alishaondoka. Wifi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, analia kwa sauti bila kujifuta, na wagonjwa waliopanga foleni walimtazama kwa zamu. Mumewe alisogea karibu na sikio la mkewe.

"Ungepona mwezi huu."

"Najua."

"Nusu mwaka, mke wangu. Na mshipa hautapona, maana haukuumia. Utakuwa unangoja nini?"

Fundi alimwendea Wifi, akasimama mbele yake. Wifi akainua uso uliolowa.

"Umefurahi sasa?"

Fundi alibandua bandeji jichoni. Wifi akawa wawili, mmoja juu ya mwenzake, wote wawili wanalia. Ilikuwa rahisi kuwarudisha kuwa mmoja. Ni kulaza kichwa tu begani.

"Sasa ndiyo," alisema, na shingo akaiacha imenyooka.